Mama wa Ubatizo wa Tomasa

Eduviges Ticona alirithi vitu viwili kwa mama yake: sufuria ya uji wa mahindi ya zambarau, na kona ya uwanja wa Wayllani ambako jua la asubuhi hufika kwanza. Katika mji ulio juu namna ile, penye baridi ya kukata masikio, hilo si jambo dogo. Alikaa hapo miaka thelathini na minane. Alimzika mume, akawaoza mabinti wawili, na baada ya kila msiba na kila harusi alirudi kwenye kona yake kama mtu anayerudi kitandani.

Kisha meya, Don Nivardo Arancibia, akakumbuka historia. Miaka mia mbili nyuma, Tomasa Quilla, muuza chumvi, alipindua meza ya mtoza ushuru uwanjani hapo, akawaongoza wachuuzi kuliteka jumba la gavana. Alinyongwa papo hapo. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa hata jiwe la ukumbusho. Sasa uchaguzi ulikuwa unabisha hodi, akapewa sanamu ya shaba.

"Tomasa ni sauti ya wachuuzi wote!" meya alinguruma kwenye kipaza sauti. Siku hiyohiyo ikabandikwa amri: baada ya uzinduzi, wachuuzi wote wahamie nyuma ya machinjio, ili sanamu ionekane vizuri.

"Afadhali," alisema Casimira Poma, muuza maharage wa jirani. "Maskini Tomasa, asije akaona wachuuzi akashtuka."

"Nyamaza wewe, mdomo wako utatuponza," alisema Eduviges.

"Utuponze mara ngapi, dada? Tunapelekwa kwa nzi tayari."

Pale Wayllani hakuna kinachozinduliwa bila mzazi wa ubatizo, yaani mtu wa kubeba gharama. Keki ina baba yake, bendi ina mama yake, hata choo cha shule kilibatizwa na mwenye duka la saruji. Lakini matajiri walikuwa wamechoka kuzaa. Wakimwona meya wanafunga milango. Siku mbili kabla ya sherehe, Tomasa alikuwa bado yatima. Ndipo karani wa meya akamjia Eduviges.

"Mama, ni maua tu, na pombe kidogo ya kummwagia Mama Ardhi. Utapendeza kwenye picha."

Eduviges alikoroga uji kwa muda mrefu. Kisha akakubali. Kwa kuwa peke yake asingeweza, alipita meza kwa meza: huyu akatoa ua, yule kikombe cha pombe, mwingine utepe.

Siku ya uzinduzi meya alimkumbatia mbele ya umati, akamwita komadre, yaani mzazi mwenzake, kama desturi inavyotaka. Wazazi wa ubatizo mmoja ni ndugu, na ndugu wa namna hiyo hafukuzwi. Meya alilijua hilo. Alidhani litaisha pamoja na muziki.

Kesho yake polisi walimkuta Eduviges miguuni pa sanamu, sufuria inafuka.

"Mama, amri inasema..."

"Namwangalia mwanangu. Kabatizwa jana tu, nimwache peke yake na baridi hii?"

Meya akaitwa. Watu wakajaa. Akainama, akanong'ona, "Komadre, wewe kaa. Wewe tu. Hao wengine waende."

Eduviges aliutazama mtaa wa machinjio. Casimira alikuwa amesimama pale na gunia lake la maharage. Nafasi yake uwanjani alikuwa ameipata. Ilitosha kunyamaza. Watu husema Tomasa hakufikiri mara mbili alipoipindua meza. Eduviges hakuliamini hilo. Tomasa alifikiri, bila shaka, na meza ilikuwa nzito.

"Kompadre," alisema kwa sauti ya kufika mtaani, "sikumbatiza peke yangu. Aliyetoa ua ni mama yake. Aliyetoa pombe ni mama yake. Hukuwakumbatia jana, wakalala na kinyongo."

"Wako wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Njooni jamani, kompadre anawasubiri!"

Meya aliutazama umati, akaona wapiga kura tu. Akafungua mikono. Wachuuzi wakapanga foleni na mizigo yao mgongoni, na kila aliyekumbatiwa alitandika kitambaa chake chini na kuketi.

"Polepole, kompadre," alisema Casimira zamu yake ilipofika. "Utanipondea maharage."