Farasi Mwenye Mzigo Mkubwa

Gazeti lililofungiwa sabuni halinuki kama gazeti, wala halinuki kama sabuni. Lina harufu ya tatu, kali na tamu kidogo, na hadi leo nikiinusa najiona mwanafunzi anayesubiri kuitwa ubaoni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza alichonacho, sabuni na mafuta ya kupikia vilitufikia kijijini kwetu Rombo kutoka Tarakea, mpakani mwa Kenya, vikiwa vimefungwa kwa magazeti ya Nairobi. Mama alichukua sabuni. Baba alichukua gazeti, akalinyoosha juu ya paja kwa kiganja, akaniita. Nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa na bahati mbaya ya kuwa wa kwanza kwa Kiingereza katika shule ambayo mwalimu wa Kiingereza alifundisha pia kilimo na kwaya, na hivyo viwili alivijua zaidi.

Ukurasa aliotaka baba nimsomee ulikuwa wa mbio za farasi. Hapo kwetu hakuna aliyewahi kumwona farasi. Tulimjua punda, na yeye alibeba maji. Lakini Tarakea palikuwa na Kavishe, muuza viatu vya mitumba, aliyepokea madau ya mbio za Jumapili za Nairobi. Alisema anayapeleka kwa shemeji yake aliye dereva wa lori. Kama shemeji huyo alikuwepo, hatukumwona. Tuliona redio tu, iliyokaa juu ya rundo la raba za mguu mmoja mmoja, na watu wazima walioizunguka kimya kuliko walivyokaa kanisani. Baba hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa mtu aliyechoka kusubiri. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka hadi majirani wakaanza kuing'oa, na yeye hakuwa na moyo wa kung'oa mibuni aliyoipanda baba yake.

Orodha ya gazetini ilikuwa na jina la farasi, jina la mpandaji, na kilo ambazo farasi angebebeshwa. Hizo kilo ndizo zilizompendeza baba. Kwetu uzito ni kitu kinachoeleweka: wanawake hushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mlimani kichwani, na ukubwa wa mzigo ndio sifa ya mbebaji. "Levina," akaniuliza, "wewe ungemtwika punda dhaifu mzigo mkubwa?" Nikasema hapana. "Basi wazungu nao si wajinga. Nisomee aliyebebeshwa zaidi." Nikamsomea. Juu ya orodha palikuwa na neno moja refu, na baba akaliwekea kidole. "Na hili?" Sikulijua. Mtoto wa kwanza kwa Kiingereza hawezi kutolijua neno, kwa hiyo nikajibu bila kupepesa, "Ni jina la uwanja."

Jumapili ile farasi mwenye mzigo mkubwa akashinda. Nilinunuliwa viatu vya shule, na mama akavisifu akidhani vimetokana na ndizi. Kavishe akaanza kuniita Mwalimu. Mchovya asali hachovyi mara moja. Baada ya wiki mbili farasi mwingine wa namna hiyo akashinda, na baba akaanza kutembea kama mtu aliyeambiwa siri. Mara ya tatu hakutaka tena kuweka dau la bei ya viatu. Alimwekea Kavishe ng'ombe.

Ng'ombe huyo, Pasaka, alilala zizini kwetu lakini hakuwa wetu. Alikuwa wa Bibi Maria, mjane aliyeishi chini ya njia, ambaye magoti yalikuwa yamemkataa. Kwetu mtu asiye na nguvu ya kukata majani humweka ng'ombe wake kwa mwingine: mfugaji hunywa maziwa na kuchukua mbolea ya migomba, ndama hugawanwa, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe hata akikaa kwako miaka kumi. Kijiji kizima hujua nani ni wa nani. Kavishe hakuwa wa kijiji chetu. "Ni wako?" akauliza. "Ni wangu," akajibu baba. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila jioni mama alipanda na mzigo wa majani, shingo imezama mabegani, akamwaga mbele ya Pasaka, naye akatafuna polepole kama mwenye maisha yote mbele yake. Nilitamani kusema. Nilimwogopa baba kidogo, na niliogopa zaidi kuulizwa: hayo ya farasi, nani aliyasoma? Jumapili asubuhi, wakati wa misa, nilimwombea farasi kwa bidii ambayo sijawahi kumwombea binadamu. Mchana nikafuatana na baba hadi dukani kwa Kavishe.

Mtangazaji alikimbia kuliko farasi. Katika Kiingereza kile nilishika majina tu. La farasi wetu likatajwa la kwanza, likatajwa tena, baba akanifinya bega; kisha likatajwa nyuma ya majina mawili, kisha halikutajwa.

"Anasemaje?" akauliza baba.

"Bado wanakimbia."

Redioni watu wakashangilia. Mtangazaji akashusha sauti, akaanza kusoma majina taratibu.

"Sasa anasemaje?"

"Bado wanakimbia, baba."

Kavishe akanyoosha mkono, akaizima redio. Alinitazama bila ubaya. "Mwalimu," akasema, "walishafika."

Vijana wake wawili walikuja kesho yake. Mama alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka tambarare, akamkuta Pasaka njiani na kamba shingoni. Hakuutua mzigo. Alisimama nao kichwani akamtazama mumewe. "Baba Levina, huyo ni wa Bibi Maria." Vijana hawakusimama kumsikia, na majani yale hayakuwa na wa kuyala isipokuwa ndama jike wa Pasaka, ambaye katika mgawo alikuwa fungu letu.

Jioni baba akakata jani la isale, ambalo kwetu mtu akikuletea kuomba radhi huwezi kulikataa, akanichukua tukashuka kwa Bibi Maria. Nilisema shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Bibi alilipokea jani, akaligeuzageuza, akaliweka mapajani. "Nimekusamehe," akasema. "Sasa ng'ombe wangu yuko wapi?" Baba akampa ndama wetu. Bibi akakubali, akaongeza neno moja: ndama atakaa kwetu kama mama yake alivyokaa, lakini mpaka atakapozaa, majani atayaleta baba mwenyewe. "Si mkeo. Wewe."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baba, aliyekuwa akitazama kilo za farasi gazetini kama mtu anayejua uzito, alipandisha majani mlimani akisimama kila baada ya migomba mitano. Wanawake walimngojea kwenye kona. "Jamani pisheni, farasi anapanda!" "Leo kabeba kilo ngapi?" "Mimi namwekea kuku, lakini sidhani kama atafika!" Siku moja mimi na mama tulikuwa nyuma yake alipoutua mzigo, akakaa juu ya jiwe, jasho likimdondoka puani. "Kumbe ni uzito hivi," akasema. Mama akajibu, "Ndivyo ulivyo," akashika upande mmoja, akamtwika tena.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo kikuu, nilipotakiwa kuwa nasoma uchumi, nililitafuta neno lile refu. Halikuwa jina la uwanja. Lilieleza aina ya shindano: farasi bora huongezewa uzito makusudi ili walio dhaifu wamfikie. Baba alikuwa sahihi nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa imeandikwa juu ya orodha, chini ya kidole chake. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia.

Siku hizi dau halihitaji Tarakea. Liko kwenye simu, na ukitoka Kwa Sadala hadi Moshi mjini utapita vibanda vya kubashiri vingi kuliko vinu vya kusaga. Mwezi uliopita niliingia kimoja nikikimbia mvua. Ukutani kulikuwa na farasi wa kuchorwa na kompyuta, wanaoshindana kila baada ya dakika chache, hawatoi jasho, hawali majani ya mtu. Mwanamume wa umri wangu, mwenye tiketi mkononi na macho yaliyokosa usingizi, aliona miwani na kitabu changu.

"Dada, wewe unaonekana msomi. Hii ndiyo ya mwisho niliyonayo. Nimweke nani?"

Nilitazama orodha ukutani. Nambari zake nilizisoma zote, kama nilivyomsomea baba.

"Sijui," nikamwambia.

Alinicheka kwa dharau, akageukia mwingine. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nikatoka nayo.