Kitanda cha Ghala la Mbata

Kazi yenyewe ilinichosha, lakini aibu yake imenichosha zaidi. Vita vikuu vya dunia vilipokwisha, wazee wa Likoni waliniajiri mimi Karisa, Mkristo niliyetoka Rabai, niligeuze ghala kuukuu la mbata, yaani nazi kavu, liwe nyumba ya makumbusho. Mwezi mzima nilizoa mavi ya popo na kupanga mitungi. Pembeni nilikuta kitanda kirefu cha kamba, kina tundu katikati. Nikajiambia tundu hilo ni la kupitisha upepo. Watu wa kale walikuwa na akili! Kila adhuhuri nilijilaza hapo, mgongo ukapata nafuu.

Siku ya ufunguzi, ghala limejaa wageni, nilikipanda na kujinyoosha chali. "Hivi ndivyo walivyolala mababu!"

Mzee Bakari, mwadhini wa msikiti wa jirani, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na wanaume wanne. Akaniinamia kwa upole.

"Shuka, mwanangu. Hicho ni kitanda cha msikiti cha kuoshea maiti, huwa tunakiweka humu. Bi Zuhura, jirani yetu, ametangulia mbele ya haki, na anakingojea."