Mgongo wa Mzee Obwocha

Ukitaka kumchelewesha Mzee Mathew Obwocha wa Nyaramba asifike kituo cha chai, ulimwambia tu kwamba una ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo. Hapo angetua kikapu chake cha majani chai, akuvute kando ya barabara, na kukuuliza swali lake: huko alikokuwa, mtu akiugua, nani hulipa?

Mkewe, Tryphosa, alilisikia swali hilo mpaka akalikinai. Lilianza zamani, mama mzazi wa Mzee alipokata roho kwenye benchi la hospitali huku wanawe wakihangaika kutafuta pesa za kumlaza. Tangu siku hiyo Mzee alitaka kujua kama dunia nzima iko hivyo au ni sisi tu. Alijua kwamba Gesare, binti yao anayetunza wazee huko Amerika, anapata bima kwa mwajiri wake, na kwamba akiacha kazi leo, bima nayo inamwacha kesho. Alijua kwamba Uingereza, anakoishi mwana wao Cleophas na mkewe Lorna, mgonjwa haulizwi pesa mlangoni kwa kuwa kodi imeshamlipia, ila anaweza kungoja miezi na miezi kabla ya kutengenezewa goti. Kuna mtu aliyemsimulia jinsi wanavijiji wa Rwanda wanavyochangia bima ya pamoja, naye akamhoji mtu huyo mpaka chai yake ikapoa.

"Kila nchi ina geti lake," aliwaambia wakulima wenzake. "Amerika geti liko kwa mwajiri. Uingereza liko kwenye foleni. Letu sisi liko kwa keshia."

Nehemiah, jirani yake, alimwita waziri wa afya wa Nyaramba, na Mzee hakuchukia. Wala hakuwa mtu wa maneno matupu. Bima mpya ya serikali ilipoletwa na watu wakabaki kunung'unika, yeye alijiandikisha pamoja na Tryphosa, akalipa, kisha akawasumbua wazee wa kanisa mmoja mmoja mpaka nao wakalipa. Kwa hiyo maradhi yalipomjia, geti la keshia lilikuwa wazi. Hilo ndilo linaloniuma ninapoyasimulia haya.

Yalianza kwa kuamka usiku kwenda haja ndogo. Akawa anakawia nyuma ya nyumba, anarudi amejikunyata, halali. Tryphosa alinyamaza kama wake wanavyonyamaza, hadi siku alipofua suruali ya Mzee na kukuta damu. Akamwonyesha. Mzee aliitazama ile nguo, akaitazama miti ya jirani, kisha akasema, "Watoto wasijue. Hasa yule mke wa Cleophas."

Kwetu Gusii jambo hilo lina jina, chinsoni, yaani heshima ambayo ndani yake mna aibu. Baba hamtajii mwanawe habari za mwili wake wa chini. Na kwa mke wa mwana ndiyo usiseme: hakanyagi chumba anacholala baba mkwe, wala baba mkwe hamtolei neno lolote linalokaribia huko. Mtu anaweza kukaa Ulaya miaka, akala vyakula vyao na kuvaa makoti yao, lakini chinsoni anayo.

Na Lorna, msichana wa Keumbu, mwenye sauti ya taratibu, alikuwa muuguzi.

Kila Jumamosi, wakishatoka kanisani kwao Wasabato na kula, Lorna alipiga simu ya video. Tryphosa aliishika, Mzee akajiweka sawa kwenye kiti.

"Tata," Lorna akamwita, yaani baba kwa Kigusii, "nasikia hali huko si nzuri. Unaumwa wapi?"

"Mgongo tu, mwanangu."

"Unauma ukiinama, au hata ukilala?"

"Hata nikilala."

Lorna aliuliza kwa upole, naye Mzee alijibu yote ya mgongo kama mwanafunzi aliyesoma usiku kucha. Mgongo ulikuwa unamuuma kweli, hakudanganya, ila alikomea hapo. Lorna akamtumia mkanda wa kufunga kiunoni, mzuri, mweusi, naye akauvaa mpaka kanisani. Wenzake wakamsifu kwa kupata mkwe mwenye moyo. Tryphosa alikaa upande wa akina mama, akatazama mbele.

Walienda hospitali pia, asije mtu akasema hawakwenda. Mhudumu aliyewapokea alikuwa msichana mdogo, wa ukoo wanaojuana nao kule Keroka. Akamuuliza Mzee, bila kupepesa macho, anakojoaje. Mzee akasema hana shida hapo, shida ni mgongo. Akapewa dawa za maumivu. Walipokuwa wakirudi alikuwa na furaha, akamwambia mkewe, "Umeona? Hatukuulizwa hata shilingi. Tunakaribia kuwa kama Uingereza." Tryphosa angeweza kumpiga kofi kwa mapenzi na hasira.

Siku moja alipiga moyo konde. Alishuka na simu hadi katikati ya shamba la chai, mahali ambapo mtu haonekani ila kichwa, akampigia Lorna peke yake.

"Mama, kuna nini?" Lorna aliuliza. Si kawaida mama mkwe kupiga simu mchana wa kazi.

Tryphosa alifungua mdomo. Yale maneno aliyapanga tangu asubuhi, lakini kila alipotaka kuyatoa aliona anamvua mumewe nguo mbele ya mke wa mwanawe. Akachuma jani la chai, akalisaga vidoleni.

"Ni mgongo wa Tata," akasema. "Unamsumbua sana."

Lorna akasema, "Sawa, Mama. Nitatafuta dawa nyingine ya kuchua." Wakaagana. Tryphosa alibaki amesimama katikati ya chai, akajichukia.

Mvua za mwaka huo zilipokaribia, Mzee alianguka katikati ya mistari ya chai, miguu ikakataa kumbeba. Nehemiah na vijana wakambeba hadi barabarani, akapelekwa Kisii mjini. Huko akakutana na daktari mwanamume mwenye mvi, na kwa daktari huyo Mzee akasema yote, kwa kunong'ona, kama mtu anayeungama. Akapimwa, akapigwa picha. Ilikuwa saratani ya tezi dume, nayo ilishapanda kwenye mifupa ya mgongo. Daktari akamwambia Tryphosa pembeni kwamba ugonjwa huu ukiwahiwa wengi hupona, lakini sasa ni kumtuliza maumivu tu. Bima ilimlipia kitanda.

Cleophas alilia kwenye simu kama mtoto. Lorna hakulia. Alisema, "Mama, ugonjwa huo ndio wa wodi yangu. Kila asubuhi nawauliza wazee wa Kizungu maswali hayo. Nawaosha. Hawanijui, siwajui, wananijibu."



"Na nilishuku," Lorna akaendelea. "Mzee wa umri ule, mgongo usiopona. Siku ile uliponipigia nilishuku kabisa. Niliandika swali, nikalifuta. Nilimwonea Tata aibu."

Wakawa wawili sasa wenye mzigo mmoja, kila mmoja na nusu yake.

Lorna alifika Nyaramba Mzee akiwa amerudishwa nyumbani. Alikuja na ujuzi wote wa wodi yake, akauketisha kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba, maana ndani haingii. Akamwelekeza Tryphosa kutoka pale. Mto aweke wapi, kiuno amgeuze vipi, kitambaa akikamue kiasi gani. Tryphosa aliosha, mwenye kujua akakaa nyuma ya mlango wa mbao.

"Lorna," Mzee akaita asubuhi moja, sauti imekwisha.

"Naam, Tata."

"Huko kwenu, mzee wa namna yangu angekuwa amefikia wapi saa hizi?"

Tryphosa akasimamisha kitambaa.

"Angekuwa bado kwenye foleni, Tata," Lorna akajibu. "Wazee ni wengi mno kule. Hata daktari hajamwona."

"Hata huko?"

"Hata huko."

Mzee akashusha pumzi, uso ukalegea. "Basi sijachelewa kwa ujinga wangu," akasema, akaacha ageuzwe upande wa pili.

Tryphosa alipotoka na karai alimkuta Lorna ameng'ata mkono wa sweta ili kilio kisipenye. Akamkaribia.

"Angekuwa wapi?"

Lorna akatikisa kichwa, hataki kusema. Tryphosa akamngoja.

"Angekuwa mzima, Mama. Angekuwa shambani."

Tryphosa akaenda jikoni, akajaza maji ya moto, akarudi kwa mumewe, akaufunga mlango nyuma yake.