Siku Niliyoenda Kumrudisha Binti Yangu

Siku ya kumi na mbili bila sauti ya binti yangu, niliamka nikajaza maji kwenye rejeta ya pikapu na kuwaambia wanangu kwamba naenda. Binti huyo ndiye kitindamimba wangu. Aliolewa milima ya Cherangany, juu kabisa ya Kachibora, mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimepiga mpaka kidole kikachoka. Usiku silali, mchana sikai. Kikombe kimoja nakiosha mara mbili.

"Mama, ngoja Jumamosi nikupeleke," kijana wangu mkubwa alisema.

"Jumamosi nikute kaburi?"

"Ati kaburi! Si utulie kidogo, bana. Hiyo gari imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka, na bado mnanituma sokoni."

Nilitupa kamba na turubai nyuma. Nilikuwa nimekata shauri: nikimkuta amekonda, au ana alama mwilini, nampakia pamoja na kitanda chake. Kuendesha gari nilijifunza nikiwa mjane, nikibeba mahindi yangu mwenyewe. Shule niliachia darasa la tatu, lakini leseni ninayo.

Pale Kanduyi polisi alinisimamisha. Akachungulia ndani, akaangalia kiti cha pili.

"Kukhu, nyanya yangu, dereva ako wapi?"

"Unaongea naye."

Alicheka, akaniacha. Mimi sikucheka. Misikhu nilinunua ndizi kupitia dirishani bila kuzima injini. Kitale nilimwambia msichana wa pampu aharakishe, na gari lililokuwa mbele yangu lilikuwa bado linatiwa mafuta. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Mara binti ni mgonjwa. Mara amefungiwa ndani. Mara wamemzika kimyakimya, watu wale siwajui.

Mbele ya Kachibora niliacha lami, nikaingia barabara ya udongo inayopanda tu. Baridi ikaingia. Huko juu hakuna redio, hakuna kanisa lenye spika, hakuna mtu anayemwita mwenzake. Ukimya ule ulinisumbua kuliko kelele ya soko. Halafu barabara ikagawanyika, na mimi sijui upande.

Kulikuwa na mwanamume anaswaga punda aliyebeba gunia la viazi. Aliponiona alivuta kofia chini, akazunguka upande wa pili wa punda.

"Wewe! Kuja hapa."

Hakuja.

"Natafuta boma la mwanamume aliyeoa kutoka Bungoma. Unamjua?"

"Namjua, Mama." Alikuwa anaangalia kwato za punda.

"Ni mlevi?"

"Hapana."

"Anampiga mke wake?"

"Hampigi."

"Umejuaje? Kwani wewe unalala kwao?"

Alikaza kamba ya gunia. Kisha akasema, "Nalala kwao, Mama. Mimi ndiye."

Lazima nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawaangaliani usoni. Ni heshima, na mimi ninaishika. Siku walipoleta ng'ombe wa mahari nilikuwa nyuma ya jikoni. Huu ulikuwa mwaka wa tano wa ndoa yao, na kwa mkwe wangu nilikuwa nimeona viatu tu. Pale njiani alikuwa amevaa gambuti za mpira.

Niligeuza uso haraka, masikio yanawaka. Kumkaribisha kiti cha mbele haiwezekani. Bila yeye nitapotea. Yeye ndiye aliyepata njia. Alimfunga punda kwenye mti, akapanda nyuma ya pikapu, akasema kwa sauti huku amenipa mgongo: "Nikigonga paa mara moja, kushoto. Mara mbili, kulia. Nikigonga sana, simama."

Tukaenda hivyo, mimi na mkwe wangu, bila neno. Aligonga vizuri, bila haraka. Mimi ndiye niliyekuwa nakata kona kabla hajamaliza kugonga.

Binti yangu alikuwa katikati ya shamba la viazi, ameinama. Aliponyooka nikaona amenenepa.

"Mama? Nani amekufa?"

"Hiyo ndiyo nimekuja kukuuliza wewe. Simu yako iko wapi?"

"Iko kwa nyumba."

"Imeharibika?"

"Iko mzima. Niliizima mwenyewe." Akapangusa udongo kwenye jembe kwa kidole, pole pole. "Mama, unapiga mara nne kwa siku. Nimekula nini, nimelala saa ngapi, nitarudi lini. Ikilia tu, naangusha jembe. Nilitaka kukaa kimya kidogo."

Nimezaa watoto saba, na hakuna aliyewahi kuniambia maneno kama hayo. Mkono wangu ulinyanyuka. Nikaupa jembe la pili lililokuwa limelala pale, nikaanza kuchimba. Ndani sikuingia, chai sikunywa, maana pale ni kwa mkwe. Tulichimba mstari mzima bila kuongea. Viazi vyao ni vikubwa, siwezi kudanganya.

"Unarudi na mimi?" nilimuuliza mwisho wa mstari.

"Kwenda wapi, Mama? Hapa ni kwangu."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo nilipojua sitambeba. Mtu mwenye hasira unaweza kubishana naye.

"Jumapili baada ya kanisa nitaiwasha," akasema. "Utapiga mara moja."

"Mara mbili."

"Moja, Mama."

Nilitikisa udongo kwenye leso. "Mwambie mume wako niliongea vibaya kule njiani."

Mtu akakohoa nyuma ya nyumba.

"Ameshasikia," binti yangu akasema, akacheka mpaka akashika kiuno.

Niliondoka jua likiwa bado juu, kwa sababu mama mkwe halali kwa mkwe wake. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Sijawahi kuona wiki ndefu kama ile. Jumanne nilipalilia shamba lililokuwa limeshapaliliwa. Alhamisi nilifua mapazia, wanangu wakaanza kunikwepa. Simu niliificha ndani ya pipa la mahindi, nikawa nakwenda kuangalia kama bado iko.

Jumapili nilitoka kanisani kabla ya matangazo, nikasimama kando ya ukuta, nikapiga.

"Mama," akasema.

Nilitaka kumuuliza amekula nini. Nikamwambia mvua imenyesha.