Saa Hamsini za Kuzoeza Taa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya kwanza tu nilipewa kigoda, nikawekwa mbele ya amplifaya ya baba.

Nilitoka Masagati kuja Kibaoni, pale Ifakara, kumjulia hali, nikiwa na siku tatu tu mkononi. Mpunga wangu ulikuwa umeanza kujaza punje, na jirani ndiye aliyebaki akiniamia ndege. Baba hata hakumaliza kuitikia shikamoo. Akanionyesha taa nne mpya za kioo, zile zinazoipa amplifaya ya zamani sauti yake, alizoagiza Dar. Akasema taa mpya hazipigiwi muziki wa nguvu mara moja. Huzoezwa kwanza saa hamsini bila kukatika, kwa sauti ya chini, na mtu akiziangalia. Bati la ndani likiwiva jekundu, uzime haraka. Yeye ana mtoto wa jicho, wekundu ule hauoni.

"Na umeme ukikatika?" nikauliza.

"Tunaanza upya, mwanangu."

Anayeujua umeme wa Ifakara anajua nilivyoishiwa nguvu hapo. Kila saa niliichora ukutani kwa mkaa. Nilikula pale, nikalala pale kwenye mkeka, jicho moja wazi. Tukafika kumi na mbili, umeme ukaenda. Tukafika ishirini, ukaenda. Siku tatu zikawa tisa. Nilipovunja ungo bibi aliniweka ndani mwezi mzima, chumba kilikuwa hikihiki. Safari hii nilikuwa mwali mwenye mvi. Nilimchukia baba, nasema kweli, na nilizichukia zile taa zinazowaka bila haraka yoyote.

Yeye alikuwa na raha zake. Alikaa nyuma yangu akinisimulia habari za marehemu mama, akataka chai asubuhi, akaitaka tena jioni.

Siku ya kumi tulifika saa arobaini na saba. Jirani yangu akapiga simu. "Dada, ndege wanamaliza. Na mimi nina shamba langu."

Nikamwambia kesho nitakuwa kwenye basi. Baba alisikia. Nikatoka uani kuanua nguo, na kupitia dirishani nikamwona amesimama, anapapasa ukuta mpaka kwenye swichi kubwa. Akaishusha. Akarudi kukaa, mikono magotini.

"Umeme umekatika," akasema nilipoingia.

Mashine ya kukoboa ya nyumba ya pili ilikuwa inanguruma mpaka vikombe vyetu vinatikisika.

"Kwa jirani upo, baba."

Akatega sikio. Kisha akasema polepole, "Labda wao wana laini yao."

Simu ikaanza kuita tena. Nikaigeuza kifudifudi mezani, nikachukua kitambaa, nikafuta alama zote arobaini na saba. Nikapandisha swichi.

"Haya, tunaanza upya," nikamwambia, nikakivuta kigoda.

Mwaka ule mchele nilinunua dukani.