Jina Liliitwa Mara Tatu

Nilipiga meza ya karani kwa kiganja, na kikombe chake cha chai kikapinduka juu ya daftari la usaili. Chai siijutii. Alikuwa ameniambia kwa mara ya pili, huku anatafuna karanga, "Mama, jina limeitwa mara tatu. Hakuitika. Tumeandika hakufika."

"Hakufika? Na huyu hapa nyuma yangu ni nani?"

Nyuma yangu alisimama binti yangu, kashika bahasha ya kaki yenye cheti chake cha darasa la saba. Alikuwa amekaa kwenye benchi la chuo hicho cha ufundi tangu saa mbili asubuhi, na sasa ilikuwa saa nane mchana. Binti yangu ni kiziwi. Fomu ya maombi ilikuwa na kisanduku kinachouliza kama muombaji ana ulemavu, na humo nilijaza kwa herufi kubwa: KIZIWI. Waliipokea, wakaigonga muhuri. Halafu siku ya usaili mtu akasimama barazani na karatasi mkononi, akaita majina kwa sauti.

"Sasa mama, mimi ningejuaje kama ni yeye?" karani akasema, anafuta daftari kwa mkono wa shati. "Asiyeitika anapitwa. Ndio utaratibu."

"Kiziwi ataitikaje, wewe?"

Karani akamwangalia binti yangu kana kwamba ndiyo kwanza anaonyeshwa. Akasema, "Ila naye angekuwa anaangalia angalia."

Wanaonisikia nikisimulia haya hudhani hasira yangu yote ni ya yule karani. Ingekuwa hivyo ningelala vizuri. Kuna sehemu huwa nairuka, na leo naiandika.

Asubuhi ile mlinzi alinizuia getini. "Wazazi wanabaki nje, mama. Hapa siyo chekechea." Nikamweleza kwamba mtoto hasikii. Akasema ndani wanajua, wana fomu. Basi nikamgeukia binti yangu, nikamwambia kwa alama, kwa mikono yangu hii mizito isiyojua alama nyingi: kaa kwenye benchi, usiondoke, subiri. Akaitikia kwa kichwa, akaingia. Benchi lilikuwa upande wa pili wa jengo, kutoka getini halionekani. Lakini sauti ilifika. Nilisikia majina yakiitwa, moja moja, na vijana wakijibu "Nipo!"

Saa nne na kitu nikasikia jina la mwanangu.

Nikasema asante Mungu. Nilisema kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza, "Ni wako?" Nikamjibu, "Ni wangu, ndiyo anaingia." Jina likaitwa tena. Likaitwa mara ya tatu. Mimi nimesimama pale natabasamu kama mjinga. Miaka kumi na sita nimeishi na mtoto asiyesikia, nimemgusa bega kila nilipomtaka, nimepiga mguu sakafuni ili ahisi mtetemo, na siku moja tu niliyotakiwa kukumbuka, nikasikia kwa niaba yake na kuona inatosha. Ningemsukuma yule mlinzi nikakimbia. Ilihitaji dakika moja. Nikaja kumpita mlinzi saa nane, wenzake wote walipokwisha kutoka.

Nilimzaa nikiwa na miaka kumi na saba, mtihani wa kidato cha nne ukiwa haujapoa. Alipofika miaka miwili akaugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, masikio hayakupona. Mama yangu, anayefuga ng'ombe huko magharibi ya Mlima Meru, alinipeleka kwenye maombi wiki baada ya wiki, na kila mchungaji alipiga makofi karibu na sikio la mtoto, mtoto akigeuka tu, yeye anashangilia muujiza. Mtoto alikuwa anageuka kwa sababu ya upepo wa viganja. Hilo nililijua, nikanyamaza, kwa sababu mama yangu alikuwa na furaha.

Shule ya msingi alisoma bweni, kwa viziwi wenzake, na huko ndiko alikopata lugha. Likizo ya kwanza alirudi anaongea kwa mikono haraka hivi kwamba sikumfuata. Akanicheka! Akanifundisha alama ya ng'ombe, ya njaa, ya mama. Nilijifunza kidogo, nikasema nitaendelea baadaye. Sekondari wakampangia shule ya kutwa yenye wanafunzi wanaosikia, mwalimu wa alama hakuna hata mmoja. Miaka miwili alinakili ubaoni. Daftari zake ni safi kuliko zangu za zamani, mistari imenyooka, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu, na hajui neno hata moja la Kiingereza hicho lilikuwa linasema nini, maana mwalimu alieleza huku kageukia ubao. Mtihani wa kidato cha pili akafeli, akarudia, akafeli tena. Mwalimu mkuu aliniambia, "Mtoto wako ana nidhamu sana, tatizo ni uelewa." Uelewa!

Hapo ndipo kila mtu akajitokeza na kazi ya kumpa. Mama yangu, ambaye huniita yeyo, yaani mama, akasema, "Mrudishe huku, yeyo, ng'ombe hawahitaji mtu wa kuongea." Mwenyekiti wa kina mama kanisani akasema ashone. Kiziwi wa kike kwao wote ni cherehani. Na kuna mama mmoja wa Njiro, nyumba ya ukuta mrefu, alimtaka awe dada wa kazi. Aliniambia mbele ya mtoto, anacheka: "Hawa ndio wazuri, hawabebi maneno ya nyumba kupeleka kwa jirani." Nilimjibu kwamba macho anayo. Kazi ikaishia hapo.

Yeye mwenyewe alitaka kuchomelea vyuma. Sikumfundisha mimi wala shule. Karibu na tunapopanga, hapa Sekei, kuna karakana ya mageti na madirisha ya fundi mmoja Mchaga, ambaye sote tunamwita mangi. Siku moja nilimtuma binti yangu kumlipia mangi bawaba za mlango, akakaa huko mpaka jioni. Kesho yake akarudi tena. Nikaenda kumtoa kwa nguvu, nikamkuta kavaa kile kioo cheusi cha kukinga macho, kapiga goti, anashika bomba wenzake wachomelee.

"Mwache," mangi akaniambia. Alikuwa anapiga kelele, kwa sababu grenda ya kukatia vyuma ilikuwa inalia. Nikamwambia sisikii. Akacheka, akaonyesha kwa mkono: hapa wote hatusikii. Na kweli, nilisimama nikaangalia. Mafundi watatu hawakutamka neno. Kidole juu, inua. Kiganja chini, shusha. Mkono shingoni, zima umeme. Binti yangu alikuwa ndiye anayewahi kuelewa kuliko wote, na mangi akasema hajawahi kupata msaidizi asiyehitaji kuambiwa mara mbili. Lakini alisema ukweli mwingine pia: "Mimi nimejifunza mtaani, dada, na nimebaki mtaani. Kampuni zinataka cheti. Mpeleke chuo apate cheti, la sivyo atanishikia bomba mpaka azeeke."

Ndiyo maana tulikuwa kwenye kile chuo. Kwa ajili ya cheti.

Kelele zangu zilimtoa mkuu wa chuo ofisini. Nikampa shikamoo, maana ni mtu mzima na mimi nimelelewa. Akaitikia, akaniomba nitulie, akasoma fomu pole pole kama ndiyo anaiona leo. Akasema nafasi za uchomeleaji zimeshajaa tangu saa saba.

"Ajaribu mwakani. Ila nikushauri kama mzazi mwenzako, mama. Kuchomelea ni hatari. Mtu asipofahamu kinachotokea nyuma yake ataumia. Kwa nini asichukue ushonaji? Ushonaji nafasi bado zipo."

"Mzee, karakana yenu mnapochomelea mnasikilizana?"

"Hilo ni suala jingine."

"Naomba nisikie jibu la hilo jingine."

Akasema sheria za usaili zinamfunga hata yeye.

Muda wote huo binti yangu alikuwa ananivuta kiwiko. Alikuwa ameona chai, ameona mdomo wangu, na hakuna aliyemweleza kitu. Nikageuka. Akaniuliza kwa alama: nimekosea nini?

Nilitafuta alama za kumwambia nikazikosa. Zile nilizosema nitajifunza baadaye ndizo nilizozihitaji pale. Nikaunga unga tu: wao, kuita, jina lako, mdomo, wewe kusikia hapana. Imeisha. Akajibu pole pole, kama mtu anavyoongea na mtoto ili aelewe: uliniambia nikae, nisiondoke. Nilikaa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Hakunigusa wala hakuniangalia, na mtu anayeongea kwa mikono akikataa kukuangalia huna namna yoyote ya kumwambia samahani. Siku nne hakwenda karakana. Alilala kageukia ukuta, na nikimgusa bega alikuwa anatikisa mkono wangu kama anafukuza inzi.

Siku ya tano nikaandika barua ya kupeleka halmashauri. Nilipomaliza nikaiweka mbele yake pamoja na kalamu; sikuwa na namna nyingine ya kukiri kwake. Aliisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno, kisha akakata sentensi moja, ile iliyosema binti yangu anahitaji kuonewa huruma. Aliikata mpaka karatasi ikachanika kidogo. Nikaiandika upya.

Kule halmashauri, afisa aliyeipokea aliisoma amesimama. Alikuwa kijana mpole.

"Dada, badilisha kichwa cha habari. Andika maombi. Maombi yanajibiwa haraka, malalamiko yanazunguka."

"Sikuja kuomba."

"Unataka mtu afukuzwe kazi?"

"Nataka mwanangu aitwe."

"Haya. Lakini hii lugha ni kali."

"Gonga muhuri, kaka yangu."

Akagonga. Nakala yangu ninayo, na hivi ndivyo inavyosema:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BINTI YANGU KUANDIKWA HAKUFIKA KWENYE USAILI WAKATI ALIFIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi, mkazi wa Sekei. Binti yangu ana miaka kumi na nane na ni kiziwi. Aliomba fani ya uchomeleaji, na fomu yake ilieleza kwamba hasikii. Siku ya usaili alifika saa mbili asubuhi, akakaa alipoelekezwa mpaka saa nane mchana. Chuo kilimwita kwa mdomo, kisha kikaandika hakufika. Mimi nilikuwa getini nikasikia jina likiitwa, na sikufanya kitu. Kosa hilo ni langu na nimelikiri kwake. Kosa la chuo bado halijakiriwa na mtu.

Nalalamika kwamba mkuu wa chuo alimkataa katika fani hiyo bila kumpa chuma hata kimoja ashike. Nalalamika kwamba alimpangia ushonaji bila kumuuliza.

Nataka neno hakufika lifutwe kwenye daftari lao, kwa sababu ni uongo. Nataka afanyiwe usaili muhula huu huu, siyo mwakani, awepo mkalimani wa lugha ya alama, na usaili ufanyike karakana, aonekane anachoweza. Akishindwa kazi, ashindwe kwa kazi, nasi tutaondoka bila maneno.

Jibu lisiletwe kwa simu. Liandikwe, kwa jina lake, ili alisome mwenyewe.