Kiu ya Sindano

Kiwandani walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa kuwa mshono wake haukuwahi kurudishwa kufumuliwa. Alishona kola za mashati ya wanafunzi kutwa nzima, ameinamia cherehani. Maji hakunywa. Choo cha wanawake kilikuwa kimoja tu, ng'ambo ya ua, mlango hauna komeo, na kila aliyeinuka msimamizi alimpigia kelele: "Haya, mwingine huyo anaenda kujifungua!" Watu wakaangua kicheko. Kwa hiyo Sindano alijizoesha chai nusu kikombe asubuhi, basi, mpaka jioni midomo imekauka kau.

Haja ndogo ilipoanza kumchoma alidhani ni joto. Kisha ikawa inambana kila mara, akienda yanatoka matone tu, makali kama pilipili. Na aliyemtamani wakati ule hakuwa daktari. Alimtamani dada yake.

Dada alikuwa amekwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani. Kabla ya hapo walilala kitanda kimoja, wakaogea beseni moja. Yeye ndiye aliyemweleza hedhi ni nini, akamkunjia kitambaa cha kwanza, wakacheka mpaka mama yao akawagongea ukuta. Mambo ya chini ya kitovu Sindano hakuwahi kumwambia mtu mwingine. Sasa dada amebaki sauti ya simu, tena ya mbiombio: "Mama hajambo? Haya, naitwa huku." Hapo utaanzia wapi kutaja mkojo?

Akaamua kujitibu. Mama mmoja mcheshi wa cherehani ya pili, waliyemwita Bi Vifungo, alimwona anavyojikunja, akamnong'oneza: "Vidonge vile vya rangi mbili vya duka la dawa, shoga. Meza viwili, maumivu yakitulia vingine weka akiba."

Akameza, na kweli yakatulia. Kisha yakarudi kwa hasira, na safari hii yalipanda mpaka mgongoni, homa juu. Siku hiyo Sindano alishona kola ndani nje.

Wakati wa chakula alijibanza nyuma ya tangi la maji, akapiga simu. "Dada, usikate. Naumwa huku chini. Nikikojoa nachomeka."

Akasikia mlango ukifungwa kule, kisha ile sauti ya zamani, ya taratibu: "Mgongo unauma? Una homa?"

"Vyote."

"Basi nenda hospitali sasa hivi. Wapime mkojo. Watakachokupa ukimalize, hata ukipata nafuu."

"Umejuaje wewe?"

"Nimeshalazwa kwa hilo hilo, mdogo wangu. Mwenye nyumba hataki niende chooni wageni wakiwepo. Nikaacha kunywa maji."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe je?"

Wakacheka wote wawili. Sindano ndiye aliyeanza kulia.

Hospitalini muuguzi hakumtahayarisha. Aliongea kama mtu anayekueleza namna ya kupika wali: anywe maji ya kutosha, asibane mkojo, ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, sabuni za manukato asizipeleke huko, na homa isiposhuka arudi upesi. Sindano akameza dozi yote aliyopewa mpaka kidonge cha mwisho.

Aliporudi kazini aliweka chupa ya maji kando ya cherehani. Msimamizi akapiga kelele yake. "Ndiyo, mapacha," Sindano akajibu, akaendelea kutembea. Bi Vifungo akainuka naye, akamshikia mlango. Tangu hapo wanawake wakawa wanakwenda wawili wawili.

Mkataba wa dada ulipokwisha, uliongezwa. Siku hizi wakipigiana simu huulizana kwanza, "Umekunywa maji?" Wanaambiana kila kitu. Lakini simu ikishakatika, Sindano hubaki ameishikilia sikioni kidogo. Amepona, hana tena kinachomchoma. Alichokitamani siku zile za homa ni mkono wa dada kwenye paji lake la uso, na mpaka leo anautamani.